Asilimia Tano ya Mwisho

Saa moja asubuhi dirisha la walinzi, huko nyuma kwenye mlango wa mizigo, lilikuwa limezingirwa. Wabeba maji wakiwa na mitungi begani, mafundi wa viyoyozi na ngazi zao, na wanaume wawili waliokuwa wakilisukuma kochi refu kwenye lifti isiyotaka kulipokea. Zadock alikuwa ndani ya dirisha, shati limenyooshwa hadi mikono imesimama kama ubao, akiandika majina kwenye daftari kubwa bila kuinua kichwa.

"Kitambulisho. Kampuni. Floo ya ngapi. Simama pale. Anayefuata."

Rispah akaweka kitambulisho chake kwenye kibao cha dirisha.

"Kampuni?"

"Zadock, unanijua."

"Najua watu wengi mimi. Kampuni?"

"Ile ile ya Adib."

Hapo Zadock akainua uso, akacheka kwa pua. "Kumbe ni Rispah wa silikoni. Nilidhani ulirudi nyumbani kitambo. Umekuja kuoga kwenye mabafu yako?"

"Nimekuja kutafuta sahihi. Mwaka umeisha leo."

Zadock aliangalia tarehe aliyokuwa ameiandika juu ya ukurasa, kumi na moja Novemba, akatingisha kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la mtu anayemfahamu. Katika jengo lile, walinzi ndio waliojua miaka ya watu inaanza lini na kuisha lini. Fundi wa rangi, fundi wa milango, fundi wa taa, wote walipita dirishani pake wakisema neno lile lile, kwamba mwaka umeisha, na wengi wao aliwaona wakirudi tena na tena mpaka siku moja hawakurudi.

"Sikiza," akasema, sauti ameishusha. "Nabil wa matengenezo ni mtu mzuri. Lakini ukipanda naye huko juu, macho yaone, mikono ikae mfukoni. Usiguse kitu."

"Kwani ni duka la vyombo, ukivunja umenunua?"

"Wewe cheka tu. Beba pasi yako. Lifti namba tatu."

Rispah alichukua pasi akaivaa shingoni. Mkoba wake wa kazi ulikuwa begani, na ndani yake mlikuwa na bunduki ya silikoni, wembe, tepu ya karatasi na chupa ya spiriti. Hakuubeba kwa sababu yoyote. Kwa miaka sita aliyokaa Dubai hakuwahi kuingia jengo lolote bila mkoba ule, isipokuwa kanisa.

Kazi yenyewe walikuwa wameimaliza mwaka uliopita, yeye na Peninah. Mabafu themanini na manne ya jengo la zamani lililokuwa likikarabatiwa, Jumeirah Lake Towers. Kuosha simenti kwenye vigae, kujaza grauti kwenye mianya yake, kuziba kila kona kwa silikoni ili maji yasipite. Aliyechukua kandarasi alikuwa Adib, mtu wa Mombasa mwenye duka la vifaa Al Ras na leseni ndogo ya kampuni. Iliyompa Adib kandarasi ilikuwa kampuni kubwa kidogo yenye ofisi Oud Metha. Na kampuni ile kila ilipomlipa Adib ilimkata sehemu moja katika kumi, ikaiweka kando. Nusu ya makato hayo, walisema, mtapewa jengo likikabidhiwa. Nusu nyingine, ile asilimia tano ya mwisho, mtapewa baada ya mwaka mzima, kama hakuna kilichovuja wala kubanduka. Waliyaita ritensheni. Peninah alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza kama ni ugonjwa.

Jengo lilipokabidhiwa, nusu ya kwanza Adib aliipokea, akasema imekwenda kwenye vifaa. Mishahara ya miezi miwili ya mwisho ya wale wanawake, dirham elfu saba kwa wote wawili, akasema hiyo sasa iko ndani ya ritensheni. "Wao wamenishikia, nami sina pengine pa kutoa. Mwaka si mwingi." Ndivyo alivyosema. Na Rispah ndiye aliyemshawishi Peninah akubali. Kazi yetu ni safi, alimwambia, haitavuja hata tone, hizo pesa ni kama ziko benki.

Peninah alivumilia hadi Juni, mgongo ukamshinda, akarudi kwao Kimilili. Jana alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake: "Sasa Rispah, kesho ndiyo kesho yenyewe. Nimeambia mwenye mabati aniwekee kumi na nane, nikamwambia dada yangu yuko Dubai na hajawahi kunidanganya. Usiniaibishe mbele ya mabati, tafadhali."

Lakini Rispah hakuwa anafikiria mabati peke yake. Viza yake ilikuwa inakwisha tarehe kumi na tisa, siku nane zilizobaki. Adib alikuwa amesema wazi: gharama ya kuifanya upya itatoka kwenye sehemu yake ya ritensheni. Ritensheni ikitoka, anabaki miaka miwili mingine. Isipotoka, hakuna viza, na asiye na viza hawezi kukaa kudai kitu.

Nabil alikuwa akimngojea floo ya kumi na tisa, ubao wa kuandikia mkononi. Mtu wa Malindi, mrefu, mpole, mwenye kusema "samahani" hata anapopisha mlango. Ndiye aliyesimamia matengenezo ya jengo zima.

"Dada Rispah, karibu. Nimepekua malalamiko ya wapangaji ya mwaka mzima. Katika themanini na manne, lako ni moja tu. Hongera, wallahi. Yule wa milango alikuwa na arobaini."

"Moja ya wapi?"

"Hapa hapa. Elfu moja mia tisa na saba."

Mpangaji alikuwa kazini. Nabil alifungua kwa ufunguo wake, wakavua viatu, wakaingia bafuni. Rispah akapiga magoti. Chini ya kioo cha bafu, mstari wa silikoni ulikuwa umepasuka kama urefu wa kiganja, ukaingiza ukungu mweusi. Akapitisha kucha. Mpasuko ulikuwa umenyooka, kingo zake kali. Silikoni inayokufa yenyewe huchubuka na kujikunja. Hii ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Kulikuwa na kitu hapa," akasema. "Mtu alibandika kibao cha sabuni, kisha akakitoa kwa kisu."

Nabil akainama, akaangalia. "Kweli kabisa. Alama za gundi hizi hapa."

"Basi si kazi yangu."

"Si yako. Lakini, samahani dada, siwezi kuandika hakuna dosari na macho yangu yanaiona. Naweza kuandika kwamba mpangaji ndiye aliyeharibu. Barua ya namna hiyo lazima meneja aweke sahihi yake, maana mpangaji atatozwa. Na meneja yuko likizo."

"Anarudi lini?"

"Tarehe mbili Desemba, inshallah."

Rispah akahesabu, ingawa hakukuwa na haja ya kuhesabu. "Na nikiitengeneza sasa hivi? Utasaini?"

"Ukiitengeneza, dosari hakuna. Ikiwa hakuna, nasaini mimi mwenyewe, leo leo."

Alibaki amepiga magoti. Zadock alikuwa amesema asiguse kitu, lakini Zadock alikuwa mlinzi, hakuwa fundi. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo asingeweza kumwambia Nabil. Kona ile aliijua. Peninah alikuwa na mazoea ya kumalizia mstari kwa kidole gumba, ukabaki mpana mwishoni. Huu ulikuwa mwembamba hadi mwisho, mkono wake mwenyewe Rispah, na kuuona ukiwa na ukungu kulimkera kama kuona mtoto wake anatembea njiani na kamasi. Ungemwambia asubiri wiki tatu, pengine angesubiri. Ungemwambia auache vile vile, hapana.

Akafungua mkoba.

Alikwangua silikoni ya zamani kwa wembe, polepole, asikwaruze rangi ya bafu. Akafuta kwa spiriti mara tatu hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akakausha kwa karatasi, akangoja, akapapasa, akangoja tena. Kisha akabandika tepu mbili, moja juu moja chini, nafasi katikati yake isiyozidi kalamu ya risasi. Bunduki aliishika kwa pembe, akabana, akavuta mkono mmoja bila kusita kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ukisita hapo ndipo panapoacha uvimbe. Akachovya kidole kwenye maji ya sabuni, akapitisha. Akabandua tepu kabla silikoni haijashika. Mstari ukabaki mweupe, laini, kana kwamba bafu lilizaliwa nalo.

"Maashallah," Nabil akasema mlangoni. Alikuwa amesimama muda wote bila kuangalia simu.

Barua aliiandika pale pale kwenye ubao wake, kwa Kiingereza cha ofisi, akamsomea kwa Kiswahili: dosari moja, nyumba 1907, imerekebishwa leo tarehe kumi na moja Novemba na mkandarasi, hakuna dosari nyingine. Akaweka sahihi, akaweka muhuri. Rispah aliipiga picha, akamtumia Peninah bila maneno. Peninah akajibu kwa picha ya mabati.

Kutoka huko hadi Oud Metha ni treni mbili, na katika treni ya kwanza alipata kiti. Alikaa na bahasha juu ya mkoba, akawaza mambo madogo madogo: atanunua viatu vipya vya kazi, atalipia kitanda miezi miwili kwa pamoja ili mama mwenye chumba aache kumsalimia kwa kumwita "mpenzi wa tarehe tano", siku ambayo kodi yake huchelewa kufika.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya kliniki ya meno. Mtu wa mapokezi alisema madam yuko mkutanoni. Rispah akakaa. Aliwaona wakiingia na kutoka wanaume watatu waliokuwa na bahasha kama yake. Wa kwanza alitoka akizungumza peke yake kwa Kiurdu. Wa pili alitoka kimya. Wa tatu aliambiwa arudi Alhamisi kabla hata hajakaa. Baada ya saa mbili na robo, akaitwa.

Bi Hilwa, mhasibu wa kandarasi ndogo, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye abaya nyeusi na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alisoma jina kwenye kitambulisho, akatabasamu, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa kitamu mno hata Rispah akasahau kusalimia.

"Karibu mwanangu, keti. Watokea wapi weye? Kenya? Bara au pwani?"

"Shikamoo. Bungoma, madam."

"Marahaba. Bungoma sijafika. Babu yangu alikuwa na duka Unguja, sie tumeletwa huku mie ningali mchanga, lakini nyumbani mama hakukubali tuseme kitu kingine. Utakunywa chai?"

Chai ililetwa, ya iliki, katika gilasi ndogo. Rispah akanywa kwa adabu, na moyo ukamtulia. Mtu anayekupa chai kwa lugha yako, unaanza kuamini hata kabla hajasema neno. Bi Hilwa alivaa miwani, akasoma barua, akaisoma tena, akafungua faili jekundu na kulaza kidole juu ya mstari mmoja.

"Hapa pana neno, mwanangu."

"Neno gani?"

"Imerekebishwa leo na mkandarasi."

"Ndiyo. Nimerekebisha mwenyewe. Amesaini."

"Amesaini, naona. Basi mwaka wake unaanza leo."

Rispah alidhani hakusikia vizuri. "Mwaka wa nini?"

"Wa dhamana. Kazi ikirekebishwa huhesabiwa kazi mpya, na kazi mpya ina mwaka wake. Imo humu, kifungu cha kumi na nne."

"Lakini ni mstari mmoja, madam. Kiganja tu. Mabafu themanini na matatu hayana kitu."

"Ritensheni haigawiwi kwa mabafu. Ni fungu moja, lashikwa lote, latolewa lote."

"Aliyekata ni mpangaji. Kwa kisu. Mpigie Nabil umuulize."

"Nabil akisema kwenye simu hainifai. Angeandika. Alichoandika ni kwamba mkandarasi amerekebisha, na mtu hatengenezi asichoharibu. Ndivyo mkataba uhesabuvyo."

"Nimetengeneza ili anisainie."

"Naam. Na amekusainia."

Alisema bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililouma. Rispah aliweka gilasi chini. Alijikuta anatazama kucha zake, zilizokuwa bado na silikoni nyeupe pembeni.

"Na kama nisingeigusa?"

"Ungeniletea barua ya meneja kwamba ni mpangaji. Ningekuandikieni hundi siku hiyo hiyo."

"Meneja anarudi Desemba. Viza yangu inaisha tarehe kumi na tisa mwezi huu."

"Hilo la kafeel wako, mwanangu, aliyekudhamini viza. Mie sina mkono hapo."

"Hii ni sheria ya serikali, ama ni yenu?"

Bi Hilwa alivua miwani, akaiacha ining'inie. Lilikuwa swali ambalo wenye bahasha wengine hawakumwuliza, au waliuliza kwa lugha asiyoielewa. "Serikali yasema watu wafuate mkataba waliotia saini," akajibu. "Mkataba tumeuandika sie. Akatia saini Adib. Jina lako halimo, hata ukitaka kushitaki. Hapa wewe ni mtu aliyeleta barua." Kisha, kama anayeomba radhi: "Na usidhani pesa ziko kwenye droo hii. Hata sie tumeshikiwa. Mkandarasi mkuu ametushikia, na yeye mwenye jengo amemshikia."

"Na mwenye jengo ameshikiwa na nani?"

Bi Hilwa akafunga faili, akapanga kingo za karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangika. "Mwenye jengo hashikiwi," akasema. "Malizia chai yako, itapoa."

Kwenye treni ya Al Ras alijaribu kumtumia Peninah ujumbe wa sauti. Alianza, "Peninah, sikia," akafuta. Akaanza tena, "Bado kidogo, kuna karatasi moja," akasikia uongo ulivyokaa vizuri mdomoni mwake, akafuta na huo pia.

Al Ras ilikuwa imejaa kama kawaida yake saa tisa. Wachukuzi walisukuma mikokoteni ya magunia ya karafuu na iliki wakipiga kelele watu wapishe, na harufu ya viungo iliingia hadi ndani ya duka la Adib, ikakaa juu ya mabomba na makopo ya gundi. Adib alikuwa nyuma ya kaunta, kanzu imepandishwa hadi magotini, akimuuzia mtu vali ya choo. Alipoona uso wa Rispah alimaliza biashara kwanza, akahesabu chenji, ndipo akauliza.

"Wamesemaje?"

Akamweleza. Adib alisikiliza hadi mahali pa wembe na tepu, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Nani alikutuma uguse?"

"Wewe uliniambia nilete sahihi leo."

"Sahihi, Rispah, sahihi! Sikusema ukapige kazi. Ukishika bunduki umekubali ni kosa lako, hata mtoto wajua. Miaka ishirini na mbili nakaa hapa, mimi hata taa ya mtu ikiwa imeinama siinyooshi."

"Ungeniambia basi. Mkataba ulikuwa nao wewe."

Adib akapanga makopo yaliyokuwa yamepangwa. Hakuwa mtu mbaya sana. Rispah alijua ana kodi ya duka ya miezi miwili, na kwamba mke wake alikuwa ameanza kuuza mahamri kwa simu. Lakini vilevile alijua kwamba nusu ya kwanza ya ritensheni ilikuwa imepita mikononi mwake, na gari lake lilikuwa na matairi mapya.

"Nifanyie viza," akasema Rispah. "Utanikata kidogo kidogo. Kazi ninajua, utanipeleka popote."

"Kwa pesa gani? Hebu fungua droo hiyo uangalie. Mimi nami nangoja mwaka, si wewe peke yako." Akashusha sauti. "Tufanye hivi. Tukensoli viza leo, kabla haijakwisha. Nakukatia tiketi, ya Jumamosi, hilo ninaweza. Uende ukapumzike. Novemba ijayo pesa ikitoka, nawatumia wewe na Peninah kwa M-Pesa, yote, bila kukata shilingi."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Adib. Peninah amekaa huko tangu Juni. Umemtumia nini?"

"Peninah haki yake iko pamoja na yako."

"Na nikikataa kukensoli?"

Adib akatazama nje, wachukuzi wakipita. "Tarehe kumi na tisa ikipita, faini zitaanza kukuandama wewe. Na mimi itabidi niripoti umetoroka, ama sivyo watanifungia leseni. Sitaki kufanya hivyo. Usinilazimishe."

Alilisema kama mtu anayemsihi, na pengine alikuwa anamsihi kweli. Rispah alisimama kidogo katikati ya mabomba. Alifikiria kumpigia mtu, akapitia majina yote aliyoyajua mjini, kanisani, chumbani, na hakukuwa na hata mmoja ambaye hakuwa na mwaka wake wa kungojea mahali fulani. Mwaka jana alikuwa amepiga simu ya serikali ya malalamiko ya wafanyakazi. Mwanamke mwenye sauti nzuri alimuuliza: ni mshahara au ni ritensheni? Akasema ni mshahara ulioitwa ritensheni. Akaambiwa alete karatasi iliyoandikwa mshahara.

"Twende," akasema.

Ofisi ya kuchapa ilikuwa milango mitatu kutoka pale, chumba chembamba chenye kompyuta mbili na foleni ya watu waliokumbatia pasipoti. Mchapaji, mwanaume wa Kerala mwenye miwani mizito, alipokea kadi ya kampuni kutoka kwa Adib, akapiga vidole kwenye kibodi, na karatasi moja ikatoka. Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza kushoto. Akaisukuma kwa Rispah pamoja na kalamu, akaonyesha mstari wa chini.

"Inasema nini?" Rispah akauliza.

Adib akakohoa. "Ni ya kawaida. Inasema umekubali kukatisha kazi kwa hiari."

"Na hapa?" Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nane, lakini neno moja pale chini alikuwa amekwisha kulitambua.

"Hapo... inasema umepokea haki zako zote, na huidai kampuni kitu chochote."

"Lakini ninadai."

"Ndiyo lugha ya karatasi, Rispah. Kila mtu anasaini hivyo. Bila hiyo mfumo haukubali."

"Na nikishasaini kwamba sikudai, mwakani utanitumia kwa sababu gani?"

"Mungu yupo."

"Yupo. Lakini hajasaini popote."

Nyuma yao mtu mmoja kwenye foleni alihimiza, yalla, yalla. Mchapaji alikuwa amekwisha kumwita anayefuata kwa mkono, huku mkono mwingine ukingojea karatasi. Rispah aliinama juu ya kaunta. Sahihi yake ya siku zote ilikuwa jina lake tu, kwa herufi za shule, zenye mikia iliyosimama wima kama walivyofundishwa na mwalimu wa darasa la tatu. Akaandika polepole, bila kuinua kalamu, kwa mwandiko ule ule. Kisha akaisukuma karatasi mbele.

Adib ndiye aliyeiona kwanza. Juu ya mstari wa sahihi, kwa wino wa bluu, palikuwa pameandikwa Sijalipwa.

Akamtazama Rispah. Rispah akamtazama yeye. Mchapaji aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na miwani, akalipitia lile neno kama mtu anayepitia jina la kigeni, na kwake majina yote ya watu wale yalikuwa ya kigeni.

"Okei?" akamuuliza Adib.

Adib alipapasa ndevu. Angeweza kusema ichapwe nyingine. Midomo yake ilifunguka kidogo. Kisha akaangalia saa ya ukutani, na foleni, na duka alilokuwa amelifunga kwa kamba tu.

"Okei," akasema.

Karatasi ikawekwa chini ya mashine. Mwanga ukapita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea alama ya kijani. Mfumo ulikuwa umekubali.

"Nipe kopi," Rispah akamwambia mchapaji.

"Haitakusaidia kitu hiyo," Adib akasema, kwa upole.

"Najua." Akafungua pochi, akatoa dirham mbili, akaziweka juu ya kaunta.